Sampuli ya Mwalimu Taratibu

Wanafunzi wake walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko maneno yote, na alilitumia hata gari likiwa limesimama. Alikuwa amefundisha udereva kwa miaka ishirini na mbili. Gari lake la shule lilikuwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine ya kwake, na mguu wake ulikuwa umeizoea ile ya kwake hadi ukawa unaibonyeza hata mahali isipokuwepo. Mkewe akimimina chai kwa haraka, mguu ulibonyeza zulia. Jirani akianza kusimulia jambo asilolijua vizuri, mguu ulibonyeza tena, ila jirani hakuwahi kusimama.

Sifa yake nyingine ni kwamba habambikwi. Mtaani kwao, mtu akitaka kununua betri, tairi au jokofu lililotumika, alimwomba Mwalimu amsindikize. Mwalimu alikwenda na miwani, daftari dogo na uso wa mtu aliyeitwa kutambua maiti, na muuzaji akiuona uso huo alianza kushusha bei kabla hajaulizwa.

Alikuwa pia na tabia ya kuwekea alama kila kitu kinachotoka kwenye gari lake, asije akabadilishiwa huko gereji. Alama yenyewe ilikuwa nukta moja ya rangi ya kucha, zambarau, iliyonunuliwa siku ya mahafali ya binti yao. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alidai mpaka leo amepaka rangi ile kwenye vidole viwili tu. Iliyobaki iko chini ya boneti.

"Siku nikitaka kupendeza," alisema, "itabidi nikalale kwenye injini."

Sasa, wiki ya ukaguzi wa magari ya shule za udereva, taa ya ABS iliwaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzimika. Breki zenyewe zilikuwa zinashika kama kawaida. Taa hiyo ilikuwa inalalamikia kile kiboksi cha umeme, ukubwa wa kitabu cha sala, kinachozuia tairi zisijifunge mtu akikanyaga breki kwa hofu. Na kwa kuwa wanafunzi wa Mwalimu hawakuwa na namna nyingine ya kukanyaga, kiboksi kile kilikuwa na kazi nyingi. Ukaguzi ulikuwa Alhamisi. Gari lenye taa hiyo halipiti, shule yenye gari moja lisilopita inafungwa, na shule ya Mwalimu ilikuwa na gari moja.

Jumanne asubuhi alilipeleka kwa Fundi Waya, jina lililotokana na kazi yake na pia na umbo lake. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, akaisoma, akafungua boneti, akainama.

"Mwalimu, mashine inasema mawasiliano yamekatika. Inaweza kuwa kiboksi, inaweza kuwa plagi ya nyaya zake. Na hii plagi naiona imeota ukungu wa kijani. Tuisafishe kwanza, halafu tuone."

"Tuone?"

"Ndiyo, tuone."

"Fundi, mimi siendi mbele ya mkaguzi na tuone. Kifungue. Nanunua kingine."

"Kusafisha ni dakika tano, Mwalimu."

"Na mimi ugonjwa wa dakika tano siuamini. Fungua."

Fundi akafungua. Kabla kiboksi hakijapoa, Mwalimu alishatoa kichupa na kuweka nukta ya zambarau kwenye kona ya nyuma, chini kushoto, mahali pake pa siku zote. Kisha akavaa miwani na kunakili namba zilizochapwa usoni. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya aina, ambayo viboksi vyote vya aina hiyo huwa nayo. Ya pili ni ya kiboksi chenyewe, na haifanani na ya kingine popote, kama vile alama za vidole. Mwalimu alinakili zote mbili, maana mtu makini hachagui.

Mtaa wa vipuri una sheria moja inayoheshimiwa kuliko sheria za barabarani: njoo na sampuli. Ukienda na maelezo ya mdomo utauziwa kitu cha maelezo ya mdomo. Kwa hiyo Mwalimu alikifunga kiboksi chake ndani ya kipande cha kitenge alichopewa na mkewe, akakikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaanza kupita duka baada ya duka.

Duka la kwanza walimwonyesha redio. La pili walimwonyesha taa za buluu za kuweka chini ya gari, ili, kwa maelezo ya muuzaji, gari lionekane linaelea. Mwalimu alijibu kwamba kazi yake ni kuzuia magari yasielee. La tatu walikitazama kiboksi, wakatazamana, wakasema arudi kesho. La nne ndilo lilikuwa duka lenyewe: rafu hadi darini, zimejaa viboksi, vioo, kamera na nyaya zilizofungwa kama nywele za shule. Mwenye duka alikuwa bwana mnene mwenye sauti ya upole, na nyuma yake, kwenye meza yenye brashi na makopo ya dawa ya kupuliza, ndipo palikuwa mahali pa dada yake. Dada alikuwa ametoka kwenda kula.

"Karibu mzee wangu. Umekuja na sampuli?"

"Nimekuja nayo."

"Mungu akubariki. Kuna watu wanakuja hapa wanachora kwa kidole hewani."

Akakipokea, akakigeuza, akasoma namba kwa sauti, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Kisha, ili awe na mikono miwili, akakiweka kwenye meza ya dada yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakufanya kelele yoyote. Kwenye duka lile kila kitu kilichokuwa juu ya meza ya dada kilikuwa na safari moja tu: kinapigwa brashi, kinapuliziwa dawa mpaka meno ya plagi yang'ae, kinabandikwa karatasi ya njano iliyoandikwa SAFI, kinapanda rafuni. Dada aliporudi alikuta kiboksi kimoja kichafu kinamsubiri. Hakuuliza, kwa sababu miaka saba hakuna kilichowahi kuwekwa pale kwa sababu nyingine. Alisugua kwa bidii. Karatasi ya njano aliibandika nyuma, chini kushoto, juu ya kidoa fulani cha zambarau ambacho brashi ilishindwa kukitoa.

Wakati huo kaka yake alikuwa upande wa pili wa duka akimwonyesha Mwalimu skrini ya dashibodi.

"Hii inaonyesha barabara, inapiga muziki, inapokea simu."

"Na dereva anafanya nini?"

"Anastarehe, mzee."

Mguu wa Mwalimu ulibonyeza sakafu.

Walipomaliza skrini, kamera na kifaa kinachopiga kelele gari likikaribia ukuta, mwenye duka alimwita dada yake na kumpa kile kipande cha karatasi. "Tazama kama tuna namba hii."

Dada akapandisha macho kwenye rafu. Hakuhangaika. "Hiki hapa. Nimekipandisha sasa hivi."

"Unaona bahati yako, mzee? Kimeingia leo."

Mwalimu hakuwa mtu wa kuamini bahati. Alivaa miwani, akafungua daftari, akaanza kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine, kidole kwenye kiboksi na kidole kwenye daftari. Namba ya aina ikakubali. Akaenda kwenye ya pili. Nayo ikakubali, mpaka tarakimu ya mwisho. Mtu mzembe angeridhika na ile ya kwanza na kuondoka. Mwalimu alisoma zote mbili mara mbili, akafunga daftari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Hiki ndicho chenyewe," alisema, na hajawahi kusema kweli zaidi.

"Kimetoka kwenye gari la aina gani?" akauliza, kwa ukali wa kawaida.

Mwenye duka alimtazama dada yake. Dada alikumbuka hali ya kiboksi. "Kama lako tu. Na mwenyewe alikuwa anakitunza. Vumbi tu, hakijaguswaguswa."

"Inaonekana," alisema Mwalimu. "Mtu makini hujulikana."

Walipatana bei, kikafungwa kwenye gazeti, na Mwalimu akadai sampuli yake. Hapo duka zima lilisimama. Walitafuta juu ya meza, chini ya meza, ndani ya makopo, mifukoni. Kitenge kilikuwepo. Sampuli haikuwepo. Mwenye duka alitoka jasho, maana kupoteza sampuli ya mteja kwenye mtaa ule ni aibu inayofika mpaka duka la kwanza kabla hujavuka barabara.

"Ilikuwa mbovu hata hivyo," alijaribu.

"Mbovu, lakini yangu," alisema Mwalimu.

"Basi mzee wangu, tuelewane. Nakupa kifaa cha sauti ya kurudi nyuma, bure. Gari likirudi nyuma linaongea lenyewe."

Mwalimu alikaa kimya kiasi cha kutosha kuongezewa kamera. Kisha akakubali, akaondoka akiwa na kiboksi, kamera, sauti, kitenge na heshima yake yote.

Jioni ile ile Fundi Waya alikifunga kiboksi. Kabla ya kukichomeka alipangusa plagi ya upande wa gari kwa kitambaa, bila kuambiwa, kama mtu anavyopangusa kijiko kabla ya kula. Mwalimu alikuwa anamsomea kwa sauti karatasi ya njano.

"Kinafanana sana na kile, Mwalimu."

"Pacha, fundi. Ila huyu ndiye mwenye akili."

Taa ya ABS ikazimika. Alhamisi gari likapita. Mkaguzi alilikimbiza, akakanyaga breki ghafla, likasimama kama lililoitwa jina, akagonga muhuri. Kilichomkera ni kwamba alipolirudisha nyuma lilianza kuongea lugha isiyojulikana, kwa sauti ya mwanamke aliyekasirika, lakini fomu haikuwa na kisanduku cha jambo hilo.

Shule ikapona. Kwa siku mbili Mwalimu hakuwa na habari nyingine. Alieleza barazani jinsi kiboksi kipya kinavyoshika tofauti na kile cha zamani: kile kilikuwa kinasita, hiki kinaamua. Alieleza sokoni. Alimweleza jirani yao, mwenye duka la dawa, ambaye gari lake lilikuwa na taa ile ile tangu mwaka jana, na jirani akamwomba wafuatane Jumamosi saa tatu kwenye duka lile lile kununua kitu kile kile.

"Utashika sampuli yako kwa mikono miwili," Mwalimu alimwonya. "Wale wanapoteza."

Jumamosi saa mbili na nusu mkewe alikuwa anafagia mbele ya nyumba. Alisimama karibu na gari.

"Mwalimu, hicho kipya umeshakiwekea alama yako?"

Hakuwa amekiwekea. Alishtuka kidogo, kama mtu aliyekumbushwa dawa. Mke akaingia ndani akatoka na kichupa pamoja na kioo chake cha mkononi, kwa sababu kona ya nyuma, chini kushoto, haionekani kiboksi kikiwa kimefungwa. Mwalimu akafungua boneti, akainama, akaingiza kioo nyuma.

Joto la injini lilikuwa limeibandua karatasi ya njano upande mmoja. Aliivuta ili apate nafasi. Chini yake palikuwa na nukta ya zambarau.

Akaitazama kwa muda mrefu. Akatoa kioo, akakipangusa kwa shati, akakirudisha. Nukta ilikuwa palepale. Akatoa daftari, akasoma namba ya pili, ile ya alama za vidole, na safari hii akaisoma kwa kuelewa. Mguu wake ukabonyeza mchanga, ukabonyeza tena, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshapita siku nne zilizopita.

"Tayari?" mkewe aliuliza kutoka nyuma.

"Tayari."

"Mbona kichupa hujakifungua?"

Mwalimu alikitazama kichupa mkononi mwake. "Alama ipo," alisema.

Mkewe aliegemeza ufagio ukutani. Alimtazama mumewe, akatazama boneti, akatazama kichupa. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na tisa, na katika muda huo alikuwa amesubiri nafasi kama hii mara nyingi, akiwa na maneno tayari. Akanyoosha mkono.

"Basi nipe rangi yangu."

Alikaa kwenye kizingiti, akafungua kichupa, akaanza na kidole cha tatu.

Saa tatu kamili jirani alifika, amevaa shati la safari, funguo mkononi. "Mwalimu, twende. Na mfuko nimebeba."

Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga boneti. Ilikuwa rahisi kwenda. Jirani angerudi na kiboksi, taa ingezimika au isingezimika, na hadithi ya barazani ingebaki ilivyo. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kidole cha nne.

"Hatuendi," alisema Mwalimu. "Lilete gari lako hapa. Tuanze na kusafisha plagi."

"Plagi? Wewe ulisema ninunue kiboksi."

"Nilisema. Sasa nasema plagi."

"Ulisafisha ya kwako?"

"Ilisafishwa."

"Na ikasaidia?"

Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni juu ya daftari. "Ndiyo iliyosaidia. Kiboksi ni kile kile cha zamani. Nilikwenda dukani nacho, nikakinunua, nikarudi nacho."

Jirani alisubiri sehemu ya mwisho ya mzaha. Haikuja. Alimgeukia mke wa Mwalimu, ambaye alikuwa anapuliza vidole vikauke.

"Shemeji, ni kweli?"

"Mimi sijui mambo ya magari," alisema mke. "Lakini alichagua vizuri."