Anamsuka Mwanangu na Kuiendeleza Hadithi Yangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana sisi wa Ujiji tunajuana mpaka kandambili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, msusi, nasukia watu barazani kwangu. Niliachika miaka mitatu iliyopita na nina binti mmoja wa miaka minane, tumwite Sabra. Naishi naye mimi. Ijumaa baba yake anamfuata na bodaboda, anampeleka kwake Gungu, Jumapili anamrudisha. Huko baba yake kaoa mdada wa Mwamgongo, kule mwambao wa ziwa, mdogo kwangu.

Sabra ana kichwa kinachouma jamani, ukishika chanuo tu analia. Kwa hiyo tangu ana miaka minne namsuka huku namsimulia. Nilimtungia Zuhura, msichana anayeishi chini ya ziwa, ana chanuo la mfupa. Akilipitisha kwenye maji, maji yanagawanyika kama nywele, yeye anapita katikati. Kila nikimsuka namwachia Zuhura kwenye balaa, ili wiki ijayo mtoto akae mwenyewe bila kukimbizwa. Hadithi ikapendwa mpaka na wateja. Kuna mama mmoja nilishammaliza kumsuka, akagoma kuondoka mpaka ajue Zuhura kaponaje kwa yule mamba.

Sasa Jumapili moja, miezi miwili iliyopita, mtoto karudi kasukwa. Mtindo wa twende kilioni, mistari imenyooka, kazi ya mtu anayejua. Mkono wa msusi mwenzangu naujua hata gizani, nikaona huu mgeni.

"Nani kakusuka?"

"Mama mdogo."

"Hukulia?"

"Sikulia. Alinisimulia."

Nikajikaza, nikamwambia njoo basi tuendelee, Zuhura tulimwacha kakwama pangoni na chanuo limemdondoka. Mtoto kanijibu, "Mama, saa hizi tuko kwa Chausiku."

Chausiku ndiyo nani? Eti msichana wa mwambao, ana mtumbwi usiozama, anavuka ziwa peke yake. Yaani hadithi ni ile ile, ziwa lile lile, mpaka mamba wangu yumo! Ila mwenyewe Zuhura kawekwa pembeni. Niliumia, sitaki kudanganya. Mume alichukua, nikasema sawa, riziki. Lakini hadithi niliitoa kichwani mwangu mimi.

Kuanzia hapo nikawa polisi. Kila Jumapili nikimpokea nanusa mafuta aliyopakwa, nahesabu mistari, nauliza alikaa mapajani au kwenye kigoda. Chausiku leo kafika wapi? Ana mama? Anafananaje? Mtoto akaanza kunijibu kwa mkato. Na mimi kwa hasira nikakataa kabisa kumtoa Zuhura pangoni. Nikasema akae huko huko, si wana wao mpya.

Halafu baba yake akanipigia simu. "Mama Sabra, naona Januari mtoto ahamie huku, shule iko karibu. Muulize mwenyewe anapenda wapi." Ahaa! Hapo picha ikakamilika. Shoga yangu nilipomweleza akasema, "We huoni? Anakuibia mtoto kidogo kidogo."

Jumapili iliyofuata nilimkalisha Sabra, nikafumua nywele zote. Zilikuwa mpya kabisa, hata siku hazijamaliza. Huku nafumua nikamsimulia: dhoruba ilipiga, mtumbwi ukapasuka, Chausiku akafa maji. Nilivuta nywele kwa nguvu, na mtoto wangu aliyezoea kulia hakulia. Aliangalia miguu yake tu.

Wiki iliyopita karudi na nywele timutimu, kafungwa kitambaa. Nikasema hee, wameanza kumtesa! Nikapanda bodaboda mpaka Gungu, njia nzima napanga matusi.

Yule mdada akanifungulia. "Shikamoo dada." Nilimwitikia nusu. Nikamuuliza mbona mtoto karudi hajachanwa hata nywele.

Akasema, na kile Kiswahili chake chenye Kiha ndani, "Dada, amekataa kusukwa. Siku ya kwanza, kabla sijamsimulia, alilia sana, akasema mama huwa ananisimulia Zuhura. Nikamwambia Zuhura ni wa mama yako, mimi simgusi, mama yako ndiye anajua atatokaje. Nikamtafutia mwingine wa kuendelea naye. Chausiku alikuwa ameliokota lile chanuo, anampelekea Zuhura pangoni. Alikuwa karibu kufika. Ijumaa akaja analia, mama amesema amekufa maji. Nikamwambia kama mama amesema, basi ndivyo ilivyo."

Nikaaga, hata maji aliyoniletea sikunywa.

Lakini ndugu zangu, roho yangu bado inagoma. Mwema kiasi hicho kwa mtoto wa mwenzake, halafu mwezi huo huo mumewe anataka mtoto ahamie? Mbona hakunipigia hata simu kunieleza? Nikijiambia ni mtu mzuri, dakika tano mbele namwona mjanja. Nikijiambia ni mjanja, nakumbuka alivyosema simgusi.

Jana nimemwita Sabra nimsuke kwa ajili ya shule. Amekataa. Nikamwambia njoo leo namtoa Zuhura. Akaniuliza, "Atatokaje? Chanuo analo Chausiku."

Mtoto yuko ndani na kitambaa chake kichwani, na mimi nimekaa barazani nimeshika chanuo. Nikimfufua Chausiku, si nitakuwa nimemfungulia mlango yule mwanamke na Januari ndiyo hiyo? Nisipomfufua, mwanangu ataniamini tena? Matusi yenu nitayasoma, ila wenye watoto naombeni mnishauri, nifanye nini?