Shikamoo ya 026

Leo nimemwamkia marehemu mama yangu kwenye simu, na shikamoo yangu ikaitikiwa.

Chekeni tu.

Simu imeita, naona namba inaanza na 026. Ndivyo ilivyoanza ya simu ya mezani kwetu Mtendeni, Tabora, ile mama aliyoifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. (Nani kwao hawakuwa nacho?)

Mdomo ukaiwahi akili: "Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu," akajibu mama mmoja. "Ila hapa ni ofisini, Dodoma."

Kumbe 026 tunachangia! Tabora, Dodoma, Singida, Iringa, wote humo humo.

Nikaomba radhi, nikamweleza kwamba mama hayupo tena. Akaniambia:

"Basi ukiiona 026, wewe amkia tu. Hatakosekana wa kuitikia."