Kioo Kilichomkataa Mama

Tarehe kumi na nne mwezi wa pili, mwaka juzi, nilipoteza maongezi ya mama yangu. Mama mwenyewe alifariki baadaye, mwezi wa kumi na moja, na huo ulikuwa msiba ambao watu walikuja kunipa pole. Kwa ule wa kwanza hakuja mtu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimekufa.

Mimi ni mwendesha mashine ya kukoboa mpunga, Ubaruku. Nimesoma mpaka darasa la saba. Mashine ikiwaka humsikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni, kwa hiyo kunipigia simu mchana ni kujisumbua. Mama aliishi kijijini, Mufindi, ndani kabisa, ukishuka Mafinga unachukua bodaboda na bado unamalizia kwa miguu. Kwake mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ukipiga, unasikia neno moja, la pili linapotea, la tatu ni "halo, halo" mpaka salio linaisha.

Kilichotuokoa ni simu ya vitufe yenye intaneti. Gari la matangazo nililikuta Mafinga siku ya soko, nikienda kwa mama, muziki juu, vijana wamevaa fulana za rangi moja, wanatangaza kwamba simu janja sasa ni ya kila mtu, hata bibi yako. Nikamnunulia mama. Kwa kuiangalia ungedhani ni kiswaswadu cha kawaida, lakini ndani ilikuwa na ile programu ya kutumiana ujumbe, na ilikuwa na kitufe kikubwa katikati. Mama hakujua kusoma. Nilimfundisha: bonyeza hapa, sema, bonyeza tena. Alijifunza siku hiyo hiyo. Aliongea akiwa anachambua maharage, sauti ikakaa humo ikisubiri mtandao upite, ukipita ikaondoka. Mimi niliisikiliza mashine ikizimwa ipoe.

"Kamwene, baba," ndivyo alivyoanza kila mara, kwa salamu ya kwetu. Kisha habari. "Baridi ya juzi imeunguza maharage yote ya bondeni. Yule mbuzi mkorofi kazaa, na mtoto kafanana na shemeji yako, masikio na tabia." Hapo anacheka peke yake. Mara nyingi alisahau kubonyeza mara ya pili, basi nasikia kuku, nasikia anavunja kuni, nasikia anaikemea sufuria. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko habari zenyewe. Wenzangu mashineni walinitania, "Haya, redio ya mama imefunguliwa," lakini na wao walisogea. Walikuwa wanamfuatilia yule mbuzi.

Siku hiyo ya mwezi wa pili haikuja sauti. Kesho yake pia. Nikamtumia zangu, zikabaki na tiki moja. Nikadhani ni mtandao. Nilipofanikiwa kumpata kwa kupiga, Jumapili, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa.

"Mbona unaninyamazia?"

"Sijakunyamazia, mama. Wewe ndiye hutumi."

"Natuma kila siku! Imeandika kitu, nikabonyeza, ikaondoka. Nimekusemesha wiki nzima kama mwendawaz..." Ikakatika.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi. Nilipoifungua ile programu maandishi yakatokea tena, na yalikuwa ya Kiingereza. Waliomwandikia mama yangu kwamba wanamkatia maongezi walimwandikia kwa Kiingereza, na yeye akabonyeza kitufe cha katikati kwa sababu ndicho alichofundishwa.

Nikaipeleka ile simu Mafinga, kwenye duka la simu karibu na stendi. Muuzaji nilimtambua. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa gari la matangazo. Fulana tu ndiyo ilikuwa nyingine.

"Kaka, hii imekufa," akasema.

"Si hiyo inawaka?"

"Kuwaka inawaka. Mfumo wake ndio umekufa. Simu janja siku hizi ni mifumo miwili tu, wakubwa wawili wamegawana soko. Huu wa tatu ulijitahidi, watu hawakutosha. Wenye programu wakaona hailipi kuuhudumia, wakaondoka."

"Hawakutosha ni nini? Mama yangu yupo."

Akacheka. Sikuona ubaya ndani ya kicheko chake, na hilo ndilo lililonichoma. "Mama yako ni mmoja, kaka."

Nimelifikiria sana jibu hilo, nikiwa kazini na nikiwa nimelala. Mtu akifungua duka la unga akakosa wateja, atafunga, hilo naelewa hata bila shule. Lakini hawezi kunifuata nyumbani akautoa jikoni unga aliokwisha kuniuzia. Hawa walifanya hivyo. Walifika na muziki wakamwita mama yangu mteja, na wakubwa walipopigana na mdogo akashindwa, waliondoka bila kumuaga, wakaacha simu inayowaka taa.

Muuzaji akaniuliza nichukue simu ya upande upi kati ya ile miwili, kama mtu anayeuliza timu ya mpira. Nikamwambia upande wenye vitufe. Akasema vitufe vimepitwa na wakati, zote sasa ni za kupangusa, kioo kitupu. Nikachukua ile niliyoimudu.

Sasa niseme kuhusu mikono ya mama. Alichuma chai kwenye mashamba ya Mufindi tangu hajaolewa mpaka alipoishiwa nguvu za mgongo. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vikavu, ngozi ya ncha imekuwa kama kwato. Aliweza kushika kaa la moto akalirudisha jikoni bila haraka. Tulikaa nje ya nyumba yake, mimi, yeye na jirani yake, mjane mwenzake ambaye tayari alikuwa na simu ya kupangusa. Mama akaweka kidole kwenye kioo. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya.

"Usibonyeze, dada, pangusa," jirani akasema. "Polepole. Lamba kidole kwanza."

Akalamba, akapangusa. "Nilambe mara ngapi? Simu hii au asali?"

Tulicheka. Akajaribu kwa kiungo cha kidole, akajaribu kwa kiwiko. Kiwiko kikafungua kamera, sura yake ikajaa kioo kizima kutokea chini ya pua. "Ee! Nani huyu mzee?" Jirani alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha mama akajaribu tena, na tena, na hakuna aliyeendelea kucheka. Aliinua mkono akauangalia mbele na nyuma.

"Nimechuma chai maisha yangu yote," akasema. "Hakuna jani lililowahi kuukataa mkono huu. Leo kioo kinasema sina vidole."

Kabla sijarudi Ubaruku tulikubaliana jirani amsaidie kurekodi kwa simu yake. Jirani huyo ni mwema, alifanya hivyo bila kuchoka. Lakini sikilizeni kilichokuja: "Mimi ni mzima. Nakusalimu. Wote huku ni wazima. Asante." Kama tangazo la kanisani. Mama alikuwa anasemea simu ya mtu, kwenye bando la mtu, mtu amesimama mbele yake. Atamsemaje shemeji? Atamkemeaje mbuzi? Kuku hawakusikika tena. Mashineni waliacha kusogea, na mmoja akaniuliza kama mama anaumwa. Nikasema hapana, haumwi. Ilikuwa kweli.

Sitasema alikufa kwa sababu ya simu. Alikufa kwa kifua, mvua za kwanza zilipoanza, na hata angekuwa na simu kumi angekufa. Nasema tu kwamba ile miezi tisa ilikuwa yetu, na imechukuliwa na watu wasiojua kuna kijiji hicho.

Siku ya mazishi wapwa wangu wawili walikuja, mmoja kutoka Mbeya mjini, mwingine Iringa. Ni vijana wazuri na wanawapenda sana watu wa kwao. Lakini kaburi likiwa bado wazi walianza kushindana kupiga picha, kila mmoja na simu ya upande wake.

"Ya kwako inapaka watu poda. Angalia, bibi kwenye ile picha iliyo juu ya jeneza amekuwa mweupe."

"Na ya kwako? Mpaka usubiri jua. Bora nusu ya dunia wako huku kwetu."

"Nusu ya dunia hawana la kuchagua!"

Wakagundua nimesimama nyuma yao. Yule wa Mbeya akauliza, kwa heshima kabisa, "Mjomba, wewe uko upande gani?"

Nilikuwa nimeshika koleo. Nilitaka kusema kwamba upande wa bibi yao ndio tunaoufukia. Badala yake nikamkabidhi koleo, nikamwambia atupe udongo. Akaweka simu mfukoni, akatupa.

Tulipoanua matanga, jirani aliniita pembeni ya jiko. Alisema mama alimwachia maneno kwangu, siku chache kabla, na alimwapisha asiyarekodi.

"Alisema, mwambie mwanangu ile simu ya kioo nimeirudisha kwenye boksi lake, safi. Asidhani nimeikataa zawadi yake. Yenyewe ndiyo imenikataa."

"Basi?"

"Na akasema ana mengi ya kukwambia, lakini si ya kupitia kwa watu."

Nilimuuliza ni mengi gani. Akatikisa kichwa. Hakuambiwa, na asingeweza kunitungia.

Nilichukua boksi nikaondoka nalo. Nikisubiri basi la kurudi, miguu ikanipeleka kwenye lile duka. Siwezi kudai nilikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, na nilitaka kuiweka mahali. Muuzaji alikuwepo. Nikaweka boksi mezani.

"Mama amefariki," nikasema.

"Pole sana, kaka. Pole." Alimaanisha, nilimwona machoni. Kisha mikono yake ikafungua boksi, ikaitoa simu, ikaigeuza nyuma na mbele. "Mbona hii ni mpya kabisa? Hakuitumia?"

"Haikumsikia."

"Haiwezekani. Hizi hazinaga shida hiyo." Akaiwasha. Ilikuwa bado na chaji. Akaifuta vumbi kwa fulana yake, akapitisha kidole juu ya kioo, mara moja, bila hata kukitazama, na simu ikafunguka.