Waya wa Pili

Nina miaka ishirini na miwili nikilehemu nyaya za maikrofoni, na bado nasahau kofia. Kofia ya plagi, kile kifuniko chake cha nje, lazima uivishe kwenye waya kwanza, ndipo ulehemu. Ukisahau, unamaliza kazi safi, inang'aa, kisha unaiona kofia imelala mezani inakutazama. Hapo hakuna ujanja, unafumua na kuanza upya. Mke wangu akisikia nimesonya, huuliza kutoka jikoni, "Kofia?"

Nilisahau tena wiki ya kumuaga dada yangu. Yeye ni mwalimu mkuu, anastaafu, na tangu apasuliwe koo sauti yake imebaki ndogo. Aliniambia, "Mdogo wangu, siku hiyo moja tu, wanisikie mpaka nyuma."

Maiki moja ingetosha kabisa. Mimi, kwa kupenda sifa, nikasema mbili. Nikalehemu waya wa pili, nikasahau kofia, nikafumua kwa hasira, nikalehemu tena. Nikajaribu kila maiki peke yake, zote zikatoa sauti safi. Nikajipongeza kwa soda.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Dada akasimama katikati ya maiki zangu mbili, akaanza. Ikatoka sauti nyembamba, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Nikaongeza sauti, spika zikapiga mluzi. "Hatusikii!" wakapaza sauti wa nyuma. Dada akasogea katikati zaidi, akazidi kupotea. Akanitazama. Niliona aibu ambayo hata leo siwezi kuifanyia mzaha.

Ndipo nikaelewa. Katika zile hasira nilikuwa nimegeuza nyaya za ndani, nyekundu mahali pa nyeupe. Kila maiki peke yake ni nzima. Zikiwa pamoja, moja inasukuma, nyingine inavuta, na sauti inafia katikati. Ningeweza kuizima moja pale pale kwenye mashine ya sauti, lakini akili zilikwishaniruka. Nikakimbia jukwaani mbele ya watu wote, nikachomoa waya wangu wa sifa.

"Nimegeuza nyaya, dada," nikamnong'oneza.

Akaikaribia maiki iliyobaki. "Jamani, huyu ni mdogo wangu. Siku ya kwanza nilipompeleka shule alikuwa amegeuza viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Leo amegeuza nyaya."

Nilibaki pale na waya mkononi, nikisikiliza. Wa safu ya nyuma kabisa ndio waliocheka zaidi.