Kijiji Kizima Kinaimba Uongo Wangu

Ndugu Mhariri, jina langu na la kijiji chetu uyafiche, maana huku gazeti moja linapita mikononi mwa watu wote mpaka siku linapofungiwa sukari.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Nasoma sekondari ya bweni Korogwe, na sasa niko likizo kwa wazazi wangu, kwenye kijiji cha ujamaa huku Handeni. Nina haya sana. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, sauti inakauka. Nadhani ndiyo maana napenda santuri: zinasema, nami hakuna anayenidai jibu.

Tulizipata Mazinde. Baba alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge, na lilipotaifishwa, bwana mkubwa aliyekuwa anaondoka alimwachia gramafoni ya betri na santuri kubwa mbili, zile zenye nyimbo nyingi kila upande. Nyingine mbili Baba alinunua mwenyewe. Ya taarabu naipenda kwa vile mwimbaji hasemi wazi. Anazunguka, anazunguka, kisha neno linamchoma mtu palepale alipokaa. Ya dansi ya Kongo sielewi hata neno, lakini magitaa yakipokezana nasikia kama watu wanataniana. Ya tatu ni piano tupu, haina mwimbaji. Hiyo ndiyo yangu hasa. Kuna mahali mpigaji anagusa sauti moja halafu anatulia, kama mtu aliyetaka kusema neno akajizuia. Ya nne ni ya Wamarekani weusi, kwa Kiingereza. Wanaimba kwa kulia na makofi kama wako kanisani, ingawa wanayoyaimba si ya kanisani hata kidogo.

Tulipohamia hapa, Baba akawa anaitoa gramafoni nje watu wakirudi kutoka shamba la kijiji. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kamati ya kijiji ikasema muziki unaosikilizwa na wote ni mali ya wote, na mali ya wote lazima ikaguliwe. Kwa kuwa ni mimi niliyesoma Kiingereza, nikaitwa ofisini.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Leo wewe ndiye mwalimu wetu. Kama kuna kasumba ya wakoloni humo, useme."

Ikaanza ya taarabu. Kila mtu alielewa maneno, na ndicho kilichoiponza. Mke wa Mwenyekiti akaruka: "Huyu katumwa! Huyo jirani anayemsema si mimi?" Ikawekwa kando. Ya Kongo hakuna aliyeielewa, ikapita bila swali. "Hao ni ndugu zetu," alisema Mwenyekiti, "hawawezi kutusema vibaya." Ikaja piano yangu. Akasikiliza, akakunja uso.

"Maneno yako wapi?"

"Haina maneno, Mzee."

"Mtu apige muda wote huu asiseme kitu? Huyo ana anachoficha."

Ikapelekwa stoo pamoja na ya taarabu, juu ya magunia ya mbegu, chini ya bati. Santuri hupinda kwa joto. Nilijua, na sikusema.

Nilikuwa na hasira mpaka macho yanauma. Ndipo wakaweka ya Kiingereza. Wimbo wa kwanza mwanamume anambembeleza mke wa mtu amfungulie mlango, kwani mume yuko safarini. "Anasemaje huyo?" Nikaona na hii inakwenda zake kwenye bati. Nikajibu, "Anasema wafungue ghala, Mzee. Wakulima wamerudi na mavuno ya pamoja."

Ofisi nzima ikapiga makofi. "Mmesikia! Hata kule Amerika wanatuelewa!"

Nilidhani yameisha. Kumbe mwezi ujao Mkuu wa Wilaya anakuja kufungua ghala letu jipya, na Mwenyekiti ameamua kina mama wamwimbie wimbo huohuo, kwa Kiingereza kilekile cha santuri. Mkuu wa Wilaya mwenyewe amesoma Ulaya.

Sasa kila jioni wanafanya mazoezi. Hawajui wanachokisema, wamekariri sauti tu, na anayeongoza ni bibi yangu mzaa baba, ambaye nyumbani anasema Kizigua na darasa hajawahi kuliona.

Nimejaribu, ndugu wasomaji. Nilimfuata Mwenyekiti nikamwambia labda wimbo ule haufai. "Haufai kwa nini?" Nikaishia kuchezea pindo la kanga. Akacheka: "Ni haya zako hizo, binti. Zitakuponza." Nikamwendea Baba, akiwa anapiga kabari jembe lake. "Baba, yale maneno ya ghala..." Hakuniacha nimalize. "Mwanangu, unajua nilivyokuwa nasemwa hapa? Mtu wa mkonge, kaja na makorokoro ya mabeberu. Leo wananiita Baba Mwalimu, kwa ajili yako."

Jembe nalishika kama wenzangu, shamba la kijiji nalilima, ujamaa siukatai. Ila nimechoka kuona muziki ukipangwa foleni kama mshitakiwa: unaoeleweka unafungwa, usioeleweka unapita, na ulionyamaza unahukumiwa kwa kunyamaza. Nikisema kweli, santuri zote zitachukuliwa na Baba atarudi kuwa mtu wa mabeberu. Nisiposema, mama zangu hawa watasimama na kanga zao mpya kumwomba mgeni wa serikali awafungulie mlango, mume hayupo. Na jana Mwenyekiti ameongeza: mimi ndiye nitakayesimama kando yao kutoa tafsiri.

Asubuhi ya leo Bibi ameacha kutwanga, akaniimbia ubeti mzima. "Mjukuu wangu, natamka sawasawa?"

"Sawasawa, Bibi." Na ni kweli, kuliko wote.

Wenye busara mlioko huko, kabla mgeni hajafika: nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani?