Finjani Niliyoiacha Ipoe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1964, niliikosesha pampu ya maji Darsait nzima, mtaa wetu wa Maskati, kwa adabu zangu za Unguja. Leo nacheka, siku ile sikucheka.

Mimi na mama yangu tulikuwa wageni Maskati, na kwa kuwa nilisoma skuli, Sheikh wa mtaa alinifanya karani wake. Kazi ilikuwa kuandika aridha, yaani barua za maombi, na kuzisema mbele ya Liwali kwenye baraza lake la asubuhi. Wakati ule hata pampu ya kisima ilitaka ruhusa yake. Haja yetu ndiyo hiyo. Kisima tulikuwa nacho, lakini kirefu, na wanawake wakivuta kamba mpaka viganja vinachubuka. Mama, aliyezoea mfereji ndani ya nyumba, alikuwa mmoja wao.

Basi siku ile tukaenda barazani kwa Liwali, kahawa ikaletwa. Sheikh na wazee wawili wakaziweka finjani zao chini, hawakuzigusa. Mimi nikaona haya kumwachia mwenye nyumba kahawa yake ipoe. Nikanywa. Na kwa kuwa sikujua kuwa ukitosheka huitikisa finjani, nikajaziwa mara nne, zote nikazinywa.

Liwali akatabasamu. "Msemaji wenu keshakunywa. Alhamdulillahi, hana haja." Akaita watu wengine.

Njiani Sheikh hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwanangu, mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe," alisema. "Ukinywa umeridhika. Sasa tungoje, jambo hili lipoe."

Tulingoja miaka. Nikajifunza kazi: kuulizana habari mpaka ziishe ndipo haja isemwe, kutokosa matanga ya mtu, kutowasema vibaya watu wa mtaa mwengine ili wako wapate. Nikashinda mashauri madogo madogo, njia ya punda, ukuta wa msikiti. Sheikh alipochoka kwa utu uzima akaniachia kusema peke yangu. Na kila jioni nilimwona mama akijipaka mafuta viganjani.

Mwanzoni mwa 1970 nikarudi na aridha ile ile. Finjani nikaiweka chini. Liwali akamaliza shauri la kwanza, la pili, la tatu. Kahawa ikapoa. Adhuhuri ikakaribia, na kwa desturi ya huko mwenye baraza hainuki akamwacha mgeni na finjani imejaa mbele yake.

"Kunywa, kijana. Zamani hukuwa na tabu ya kunywa."

"Zamani nilikuwa mjinga, Bwana Liwali. Leo nna haja."

Baraza zima likacheka, na yeye pia.

"Na nikikataa?"

"Nnakaa, bwana. Na yenyewe inakaa."

Akaitisha muhuri. Nikainywa kahawa ile baridi mpaka tone la mwisho, nikaitikisa finjani kama mwenyeji aliyezaliwa pale jirani, Matrah.

Baadaye nilishika vyeo, nikastaafu kwa heshima, na najivuna, sifichi. Vijana mnaoingia mabarazani leo mnaniuliza vipi mtu hupata sikio la wakubwa. Mimi nawauliza nyinyi kwanza: mnajua mama zenu wanachota wapi?

Siku pampu ilipoanza kutapika maji, mama alijaza birika la kwanza akapika kahawa. Akanimiminia kwa mikono yake ile yenye makovu.

"Haya, baba. Sasa kunywa."

Nikanywa nne, na finjani sikuitikisa.