Wageni Waliofika Bila Kufika

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na maneno mengine najua nimeyakosea, kwa sababu niliishia darasa la nane na naandika polepole, hata barua hii imenichukua siku mbili. Lakini hata ningeandika vizuri, haya ni mambo ya aibu, na dada yangu Akinyi amesema nisipoyaeleza mimi mwenyewe, watu wataendelea kuyaeleza kwa kuongeza chumvi.

Mimi nina usonji. (Hauambukizi. Nasema hivyo kwa sababu jirani mmoja aliwahi kuosha mara mbili kikombe nilichonywea.) Daktari mjini Kisumu alimweleza mama kwamba kichwa changu huchukua neno kama lilivyo. Kupiga simu naogopa, lakini kuandika naweza, kwa hiyo siku wazazi wa Ochieng, mchumba wa Akinyi, walipokuwa wanakuja kwetu mara ya kwanza, huku mbele kidogo ya Kombewa, nilipewa kazi ya kushika simu. Kulikuwa na grupu la familia zote mbili, watu themanini na kitu, na mimi nikiona ujumbe nimwambie mama, basi. Hata mbuzi angeweza (Akinyi ndiye aliyesema hivyo).

Saa sita na dakika kumi Mama Ochieng akaandika, "Tuko njiani, tumefika Kisian."

Nikahesabu. Kutoka Kisian hadi kwetu kwa gari ni nusu saa, tuseme dakika arobaini kama dereva ni mwoga. Nikamwambia mama asonge ugali.

"Una uhakika?" mama akauliza.

"Wameandika."

Ugali ukasongwa, mkubwa wa kushibisha wageni kumi, ukafunikwa, dakika arobaini zikapita, ukapoa, na mgeni wa namna hiyo huwezi kumpa ugali baridi. Nikaandika, "Mko wapi?" Mama Ochieng akajibu neno moja, "Tumefika."

Nikakimbia langoni. Kulikuwa na kuku wawili na mwanamke mmoja aliyebeba kuni akielekea kwake. Nikaandika, "Hamjafika. Nimesimama langoni. Hakuna mtu." Nilidhani nawasaidia, labda wameingia boma la watu wengine.

Akinyi akatoka nyumbani mbio, poda upande mmoja wa uso. "Omera, ndugu yangu! Unamwambia mama mkwe wangu ni mwongo?"

"Sijaandika mwongo."

"Umeandika! Mbele ya watu wote!"

Mama Ochieng hakujibu tena. Kwa mtu mwingine kimya kama hicho ni hasira, lakini kwangu kimya hicho kilikuwa gari kwenye mtaro, kwa sababu watu wamesema wamefika, hawapo, mama anawapigia simu na hawashiki, sasa wataenda wapi kama si mtaroni? Nikaandika, "Wageni walipita Kisian saa sita. Sasa ni saa nane. Hawaonekani. Tafadhali watafuteni barabarani."

Huo ujumbe ulikuwa na miguu. Mjomba akawaambia watu wa boda, pikipiki kumi na moja zikatoka zikichungulia mitaro, wengine wakaenda kuuliza hospitalini, mchungaji akaandika sala ndefu, na shangazi mmoja (nadhani alisoma nusu tu) akaandika, "Mlale salama wapendwa wetu." Mama akaketi chini jikoni na mwiko mkononi akilia, "Mayoo! Mayoo!" Ugali wa pili aliokuwa akiusonga ukaungua.

Binamu yetu Omosh ana boda yake Manyatta, mtaa wa Kisumu, karibu na wazazi wa Ochieng. Alienda nyumbani kwa akina Ochieng ili awape pole waliobaki. Baada ya muda mfupi akatuma picha na maneno haya: "Msilie. Nimewapata. Wako kwao. Mama anasukwa."

Pichani Mama Ochieng ameketi kwenye stuli, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima, mdomo wazi, na nyuma yake Baba Ochieng amevaa fulana ya ndani akipiga kiatu rangi. Watu themanini na kitu wakaiona.

Akinyi akaniangalia. "Umeniua," akasema polepole. "Hawaji tena. Sitaolewa." Hiyo niliielewa bila kuelezwa.

Walikuja saa kumi na moja. Mama Ochieng alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, hacheki. Nikajificha nyuma ya jikoni, nikasikia, "Yule wa simu yuko wapi?" Nikaja nikitazama viatu vyake.

"Kijana, kwa nini ulinitafuta kama maiti?"

"Mama, uliandika mmefika."

"Mtu akisema amefika si ndiyo anaingia kuoga!"

"Sikujua. Na ulipoandika mko njiani?"

"Nilikuwa namtafuta msusi."

"Na Kisian?"

Akavuta kitambaa chake mbele. "Hapo nilikuwa nimempata."

Baba Ochieng, mzee asiyeongea, ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika kiti. "Miaka hii yote naambiwa 'niko mlangoni' nikingoja kwenye jua, na sijawahi kupata mtu wa kuuliza mlango gani!"

Mama Ochieng akamkazia macho. Halafu akafungua kitambaa mwenyewe, na nusu ile bado imesimama, maana Omosh alipofika akilia msusi alitoroka. "Basi tazameni, si mmeshaona!" Akacheka, akafuta machozi, akala ugali wa tatu, wa moto. Wakati wa kuondoka akamshika Akinyi mkono. "Binti yangu, wewe utanidanganya kwa heshima. Habari za hapa nitamwuliza huyu."

Harusi ipo. Mimi nimeapa sitaagiza tena ugali kwa kusoma simu, mpaka nione tairi la gari kwa macho yangu. Na Mama Ochieng siku hizi akiniandikia huweka wazi: "Tumefika, yaani bado tunaoga."

Kama kwenu kuna maneno mengine ya namna hii, niandikieni niyajue mapema. Ila msiseme mtaandika kesho kama ni mwezi ujao. Semeni mwezi ujao, nitangoja.